Turudishieni Nyasi Zetu

Serikali ya Kenya imeahidi kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miche. Miti ni mizuri, nani abishe? Lakini mfugaji wa Baringo, Kajiado na Kitui ana haki ya kuuliza: nyasi zimetengewa siku gani, na bajeti gani?

Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya nchi hii ni kame au nusu kame, na huko udongo hushikwa kwanza na mizizi ya nyasi. Nyasi zikiisha, matone ya mvua huupiga udongo mtupu hadi ukafanya utando mgumu juu. Maji hayazami tena; hutiririka yakichimba makorongo. Chomeka mche hapo bila kitu kingine uone kama utavuka kiangazi.

Dawa tunayo. Wakamba wanazijua kwa majina nyasi zinazohimili ukame: mbeetua, nguu, kilili, ndata kivumbu. Wamarekani nao walizitambua. Mbegu za ndata kivumbu kutoka Turkana zilifika Texas, na mwaka 1946 wafugaji wa huko wakaanza kugawiwa. Sisi, miaka ya 1980, tukaleta Baringo mti wa mathenge, asili yake Amerika, eti uokoe ardhi. Ukameza malisho na kuharibu meno ya mbuzi, hata wafugaji Wailchamus wa huko wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno kuwa ushahidi. Ndata kivumbu nayo imegeuka balaa katika jangwa la Arizona. Mmea uliong'olewa kwao ukapandwa ugenini bila tahadhari waweza kukosa wa kuuzuia. Basi kwa nini tuhangaike na vya mbali, ilhali vya kwetu viko nyumbani kwao?

Wala kazi ya kurudisha nyasi si muujiza. Vunja ule utando, chimba makingamaji ya nusu mwezi, mwaga mbegu kabla ya mvua, kisha zuia mifugo mpaka nyasi zikomae na kuangusha mbegu zake. Shirika la RAE limekuwa likifufua malisho Baringo tangu mwaka 1982. Akina mama wa Kimaasai wanatunza mashamba ya mbegu za nyasi Kajiado.

Msiniambie tatizo ni mfugaji na mifugo yake mingi. Wamaasai walikuwa na olopololi, malisho yaliyofungwa ili ndama na ng'ombe wagonjwa wapate chakula wakati wa kiangazi, kabla ya ardhi kukatwa vipande na njia za kuhama kuzibwa. Aliyeziba njia hizo asimlaumu aliyezuiwa kupita. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2. Hiyo ilikuwa karo, mahari na akiba ya watu.

Waziri wa Mazingira, waheshimiwa magavana, kila shilingi ya miche inayopelekwa nchi kame iandamane na shilingi ya mbegu za nyasi za asili. Nunueni mbegu hizo kutoka kwa vikundi vya akina mama, kwa bei ya haki. Fungueni njia za kuhama. Na mtakapotupa hesabu ya miti, tupeni pia hesabu ya ekari zilizoota nyasi. Tutaiulizia kila mwaka.