Usinunue Umbo, Nunua Giaboksi

Najua nimepotea kidogo, na leo pia sina habari za programu. Kwa miezi minne sasa hapa kwetu Gilgil mjadala umekuwa mmoja tu: gari. Mtoto wa pili amezaliwa, mke wangu anarudi shuleni kufundisha, na kigari chetu cha gia za mkono kimefika mwisho wa safari yake. Yeye ndiye atakayeendesha siku tano kwa wiki, na alisema wazi: "Baba watoto, klachi sitaki tena. Mkono mmoja usukani, mwingine kwenye gia, na huyu analia nyuma... hapana." Basi tukakubaliana, otomatiki. Na kwa kuwa njia ya kuingia kwetu ni vumbi kiangazi na matope masika, liwe limeinuka kidogo. Yaani krosova.

Kwa wasiolijua neno hilo, krosova ni gari lenye umbo la kupanda milima lakini chini yake ni gari dogo la kawaida. Halijengwi juu ya fremu kama pikapu. Toyota walipotoa RAV4 mwaka 1994 walitumia vipande vya Corolla na Carina, na tangu hapo karibu kila kampuni imefuata njia hiyo. Faida yake ni kwamba unamfunga mtoto kitini bila kuinama mgongo ukauma, mashimo hayakusumbui sana, na mafuta halinywi kama SUV kubwa. Kwa familia changa ni wazo zuri. Sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni namna tunavyochagua. Tunaangalia rangi, rimu, skrini, taa za mbele, na kama jirani atageuka kutazama. Yaani tunachunguza vitu ambavyo haviharibiki, au vikiharibika havitulazi njiani. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilitengeneza jedwali (mnanijua) lenye safu 19. Safu ya giaboksi ilikuwa na neno lilelile kila mstari: "otomatiki". Basi. Ni kama mtu anayenunua kompyuta na kuandika tu kwamba "ina prosesa".

Kilichonizindua ni usiku mmoja wa Desemba. Mtoto wetu mkubwa, ana miaka 3, alibanwa kifua saa saba usiku. Gari letu lilikuwa kwa fundi. Jirani, Mungu ambariki, akatupa ufunguo wa krosova yake bila kuuliza swali. Nakuru ni kilomita 40 hivi kutoka hapa. Tulishuka vizuri kupita Kikopey na Kariandusi. Tulipoanza kupanda baada ya Mbaruk, injini ikapiga kelele lakini gari halikuongeza mwendo. Kisha taa ya onyo ikawaka, na kompyuta ya gari ikaamua kujilinda: hata nikikanyaga vipi, kilomita 30 kwa saa. Malori yanatupita kwa honi, mke wangu yuko nyuma anahesabu pumzi za mtoto kwa sauti. Tulifika. Mtoto alipata hewa, na leo anakimbia uani. Lakini mwendo ule wa kutoka Mbaruk hadi mjini sitausahau.

Asubuhi jirani alipeleka gari kwa fundi, nami nikaenda naye kwa sababu nilitaka kujua. Giaboksi ilikuwa ya CVT. Fundi akaomba risiti za huduma ya mwisho. Gereji fulani ilikuwa imemwaga mafuta yake maalumu na kutia mafuta ya kawaida ya otomatiki, pengine kwa sababu yalikuwa rahisi zaidi. Fundi akatikisa kichwa: "Mkubwa, hapa umeua mtu polepole."

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe, maana "otomatiki" ni neno moja lenye mashine tatu ndani yake.

Ya kwanza ni otomatiki ya kizamani. Injini inazungusha feni moja ndani ya mafuta, mafuta yanasukuma feni ya pili, na hiyo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye gia. Hakuna klachi ya kusagika kila unapoondoka, kwa hiyo inavumilia foleni na mlima. Mazda CX-5, tangu ilipotoka 2012, imekuwa ikitumia otomatiki ya aina hii yenye gia 6.

Ya pili ni CVT. Hii haina gia kabisa. Ina puli mbili zinazopanuka na kubana, na mkanda au mnyororo wa chuma katikati. Wazo lilianza kuuzwa Uholanzi kwenye magari ya DAF mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati huo kwa mikanda ya mpira. Leo utaikuta kwenye Nissan X-Trail, Subaru Forester na nyingi za Toyota Harrier za lita 2. Ni laini na haili mafuta sana. Lakini uhai wake wote uko kwenye mafuta ya giaboksi: lazima yalainishe na papo hapo yaushike mkanda usiteleze. Ndiyo maana kila kampuni ina yake. Nissan wana NS-3, Honda wana HCF-2, Toyota wana FE. Ukitia mengine mkanda unateleza, chuma kinasugua chuma, na unakutana na mimi Mbaruk saa nane usiku.

Ya tatu ni ya klachi mbili. Honda Vezel ya hibridi iliyotoka Desemba 2013 ilikuja na hii, yenye gia 7. Ndani ni giaboksi ya mkono, ila kompyuta ndiyo inayokanyaga klachi. Hapa sisi watu wa programu tuna la kujifunza. Katika miaka ya 2013 na 2014 Honda waliyaita tena magari ya Fit na Vezel ya hibridi mara kadhaa. Julai 2014 peke yake waliita magari 175,000 hivi, na kosa halikuwa chuma bali programu, ambayo ingeweza kulifanya gari liongeze mwendo bila kutarajiwa. Walilirekebisha, na Vezel za miaka ya baadaye si zile. Lakini kama unanunua la zamani, watengenezaji wa Japani huweka ukurasa ambapo unaingiza namba ya chasisi na kuona kama gari liliwahi kuitwa na kama lilirekebishwa. Dakika mbili tu, na bure.

Najua mtakachosema. Mafundi wengi watakuambia, "CVT ni ugonjwa, kimbia." Mimi sikubaliani nao kabisa, na sikatai kabisa. Ni kweli Nissan Marekani walilazimika kurefusha dhamana ya CVT zao za 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa ukarimu. Lakini malalamiko mengi ninayosikia hapa hayasemi mafuta yalibadilishwa lini, ni yapi, na nani aliyabadilisha. Kwenye kazi yangu, ripoti ya hitilafu isiyotaja toleo la programu tunaiweka kando. CVT yenye risiti safi ningeinunua leo. Isiyo na historia singeichukua hata kwa nusu bei, kwa sababu watakaoketi ndani yake si mimi peke yangu.

Kuna na suala la mahali. Gilgil iko mita 2,000 hivi juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu yake. Injini ya lita 1.5 iliyoandikwa farasi 130 kule Japani, hapa ni kama 105. Ongeza watu wanne, mkokoteni wa mtoto na gunia la viazi kutoka Soko Mjinga, kisha panda kutoka Naivasha kwenda Kinungi. Itapanda, lakini italia. Ni kweli injini isiyozidi cc 1500 inatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 wakati kubwa inatozwa 25, na ndiyo maana hizi ndogo zimejaa yadi. Ushuru unalipa mara moja. Mlima wa Kinungi unaulipa kila safari.

Na dizeli? Niliipenda kwa nguvu zake. Lakini dizeli za siku hizi zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na chujio hilo hujisafisha gari likitembea kwa kasi kwa muda. Safari zetu ni kilomita 4 kwenda shule, 4 kurudi, na sokoni. Chujio lingeziba kabla watoto hawajajua njia. Dizeli ni ya mtu anayekwenda Nairobi kila wiki.

Bajeti yetu ilikuwa milioni 2 na kidogo, sehemu kubwa mkopo wa sacco. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, maana yake mwaka huu wa 2026 ni lililosajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Kwa pesa zetu na ukubwa tuliotaka, hilo halikuwezekana. Tukabaki na magari yaliyokwisha kutumika hapa nchini.

Hapo ndipo utaalamu wa kuchimba data ulinifaa. Katika yadi moja nilikuta krosova safi kabisa, dashibodi inasoma kilomita 71,000. Nikachukua namba ya chasisi, nikalipa pesa kidogo mtandaoni, nikapata karatasi yake ya mnada kutoka Japani. Mwaka 2022 gari hilo lilikuwa limetembea kilomita 96,000. Miaka minne Kenya limekuwa likitembea kinyumenyume! Nilipomwonyesha muuzaji alicheka, akanipunguzia laki moja. Mke wangu alikuwa tayari anatembea kuelekea barabarani.

Kwa ufupi, tulichukua Mazda CX-5 ya 2015, petroli, lita 2, ya mtu mmoja wa Nakuru aliyeweka risiti zake zote kwenye bahasha ya kaki. Si kwa sababu ndiyo bora duniani. Ina kelele ya matairi, buti ni dogo kuliko la X-Trail, na lina miaka 11. Mimi, niseme ukweli, moyo wangu ulikuwa kwa Forester. Mke wangu aliniuliza swali moja: "Unanunua gari la Jumamosi Kikopey na marafiki, au la Jumatatu asubuhi?" Sikuwa na jibu. Fundi ninayemwamini, mwenye gereji dakika kumi kutoka nyumbani, ameifungua giaboksi ya aina ya CX-5 kwa mikono yake. CVT hajawahi. Kwangu hilo lilimaliza mjadala. Teknolojia nzuri ambayo hakuna wa kuitengeneza karibu nawe ni teknolojia ya mtu mwingine.

Kwa hiyo ukienda yadi wikendi hii, acha rimu kwanza. Uliza ni giaboksi ya aina gani kati ya tatu, mafuta yake yalibadilishwa lini na ni yapi, na risiti iko wapi. Omba namba ya chasisi, na muuzaji akisita, aga. Nenda na kiti cha mtoto mkononi, kifunge nyuma, kisha mwambie bibi akae katikati uone kama mlango utafungwa. Mwachie usukani yule atakayeliendesha kila siku, si yule anayelipa. Na mlitafutie mlima, lakini kwanza liendesheni nusu saa, maana giaboksi mgonjwa akiwa baridi hudanganya vizuri sana.

Juzi mtoto alikohoa tena usiku. Haikuwa kitu, homa ya kawaida tu. Lakini nilimwona mama yake akitazama mahali tunapotundika funguo, kisha akajilaza tena na kulala. Mkopo wa sacco una miezi 47 iliyobaki, na kwa usingizi ule nitaulipa bila kununa.

Wewe unaendesha gani, na giaboksi yako ni ipi? Kama CVT yako imepita kilomita laki mbili bila shida, niambie unaipa mafuta gani. Nataka kujifunza.

Tuonane tena.