Hawakufa kwa Maji

Jumamosi moja jioni mpwa wangu, mtoto wa darasa la saba, aliniletea daftari lake la historia nimsikilize akijisomea. Swali lilikuwa hili: taja sababu za kushindwa kwa wapiganaji wa Maji Maji. Chini yake kulikuwa na majibu matatu yaliyonakiliwa ubaoni, kwa mwandiko wa kujitahidi. Imani potofu juu ya maji. Silaha duni. Ukosefu wa umoja. Pembeni, alama ya vema kwa wino mwekundu.

Nikamwuliza, njaa iko wapi?

Akanikodolea macho. "Njaa gani, mjomba?"

Simlaumu mtoto, na mwalimu wake simlaumu peke yake. Majibu hayo matatu nami niliyakariri nikiwa na umri wake, nikapata alama zangu, nikaenda kucheza. Lakini sasa nina mvi, nimesoma, na nasema wazi: jibu la kwanza kwenye daftari lile ni tusi juu ya makaburi. Tumewafundisha wanetu kwamba vita kubwa kuliko zote zilizopiganwa na wazee wetu dhidi ya Mjerumani ilikuwa kisa cha watu wajinga waliodhani risasi itageuka maji. Tumelirudia jambo hilo mpaka limekuwa utani wa vijiweni. Mtu akitaka kumcheka mwenzake kwa kuamini upuuzi, humwambia umekunywa maji ya Kinjikitile.

Nani alifaidika wa kwanza na simulizi hiyo? Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyeitawala nchi hii vita ilipolipuka Julai 1905. Kule Berlin wapo wabunge waliotaka kujua kwa nini koloni linawaka moto. Gavana akikiri kwamba ni kodi, ni viboko, ni pamba ya kulazimishwa, basi mwenye kosa ni yeye. Akisema ni waganga wamewalevya watu kwa dawa, kosa ni la waganga. Miaka zaidi ya mia imepita, na hoja iliyomfaa gavana bado inapewa alama ya vema katika madaftari ya watoto wetu. (Ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, Liemba, ilizaliwa na jina lake: Graf von Götzen. Jina la meli tulilibadili. Hoja yake tumeitunza.)

Turudi kwenye pamba, maana huko ndiko moto ulikowashwa. Kuanzia mwaka 1902 utawala ulianzisha mashamba ya pamba ya vijiji chini ya majumbe na maakida. Kila kijiji kilitakiwa kutoa watu wa kulima, wakati uleule ambao mtama wao nao unataka palizi na nguruwe wanataka kufukuzwa. Aliyechelewa alichapwa kiboko. Mwisho wa msimu, baada ya akida kuchukua chake na jumbe chake, wapo walioambulia senti 35 kwa jasho la mwaka. Kodi yenyewe ilikuwa rupia 3. Piga hesabu mwenyewe uone kama hapo panahitajika mganga ili mtu akasirike.

Wazee wa Umatumbi walipoamua kuanza, hawakuanza kwa kuomba wala kwa kucheza ngoma. Huko Nandete walikwenda shambani wakang'oa miche ya pamba. Walijua adui ni nini, na walijua anaota wapi.

Sasa kuhusu hayo maji. Kinjikitile Ngwale alikaa Ngarambe, karibu na Rufiji. Mwaka 1904 watu walianza kumiminika kwake kutoka kila upande, wakipokea dawa ya maji, mafuta ya mbarika na mtama, na pamoja na dawa wakipokea habari. Wamatumbi walikuwa na neno la mnong'ono huo uliopita kutoka mtu hadi mtu: njwiywila. Wajumbe walioitwa mahongo wakaipeleka dawa mbali, kijiji baada ya kijiji. Wamatumbi, Wangindo, Wazaramo, Wapogoro, Wambunga, Wamwera, Wabena, Wangoni. Hebu yatazameni majina hayo. Hapo wapo watu ambao muda si mrefu nyuma walikuwa wakivamiana na kutekana, na Mngoni kwa Mngindo alikuwa jina la kutisha watoto. Hawakuwa na gazeti, hawakuwa na chama, wala hawakuwa na mfalme mmoja. Mtu mmoja aliyekaa kando ya bwawa aliwapa kiapo kimoja, na kabila zaidi ya ishirini zikainuka, kuanzia milima ya Matumbi hadi Ungoni. Kisha tunamfundisha mtoto kuandika "ukosefu wa umoja"! Kweli hawakuinuka wote, na Wahehe, waliokuwa wameumizwa sana miaka michache kabla, hawakuingia. Lakini kabla ya TANU nchi hii haikuwahi kuona umoja wa upana ule, na waliouasisi ndio tunaowaita washirikina.

Nakubali lililo la kweli. Wengi waliamini dawa ile, na imani hiyo iliua watu. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu walilishambulia boma la Mahenge mchana kweupe, wakiwaendea watu wenye bunduki za rashasha, wakafyekwa kama majani. Sina haja ya kulificha hilo. Ninachokataa ni kusimama hapo Mahenge kana kwamba vita iliishia pale.

Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya pamba kung'olewa. Mtu wa maji hakuwapo, na vita iliendelea karibu miaka miwili. Mwezi Oktoba, Wangoni waliposhambuliwa kule Namabengo na risasi zikapenya, waliitupa dawa wakipiga kelele kwamba maji ni uongo. Walijua! Walijua kabla ya wewe na mimi kuzaliwa, wakiwa na damu za ndugu zao miguuni. Na baada ya kujua, hawakuweka silaha chini. Waliingia msituni, wakavizia, wakashambulia na kutoweka. Abdalla Mapanda wa Wangindo alipigana hadi mwaka 1907. Mtu anayepigana mwaka mzima na zaidi baada ya dawa kushindwa anapigania nini? Hilo swali halimo katika daftari la mpwa wangu, kwa sababu likiulizwa tu, jibu la kwanza linaanguka.

Na kama imani vitani ni ujinga, basi tuupime kwa ratili moja. Askari wa Prussia alivaa mkanda wenye maandishi kwenye bizimu yakisema Mungu yu pamoja nasi. Alikufa kwa risasi akiwa ameuvaa mkanda huo. Hakuna mtoto wa Ujerumani anayefundishwa kwamba babu yake alishindwa vita kwa kuamini bizimu.

Haya, tuje kwenye njaa.

Mjerumani alikuja kutambua kwamba watu waliojificha porini hawamaliziki kwa risasi. Afisa wake mmoja, Kapteni Wangenheim, alimwandikia mkubwa wake mwezi Oktoba 1905 kwamba mapigano peke yake ni tone tu baharini, na kwamba ni njaa na dhiki pekee zitakazowapigisha watu magoti. Hilo ni neno la mwenye silaha mwenyewe, na halikubaki karatasini. Vikosi vilipita kijiji kwa kijiji vikichoma nyumba. Vilichoma vihenge. Mifugo ilichukuliwa, mazao yalikatwa yakiwa shambani, na mvua za kupandia zilipofika watu walikuwa wametawanyika porini, hawana mbegu wala hawathubutu kurudi kwenye mashamba yao.

Nataka tukae kidogo kwenye kihenge, kwa sababu wasomi hukipita haraka. Aliyekulia kijijini anakijua: fito zilizosukwa, udongo umekandikwa, paa la nyasi lenye kofia inayonyanyuliwa. Ndani yake mna chakula cha leo, na mna mbegu. Mama wa nyumba anajua kwa mkono, bila kuhesabu, kimebaki kiasi gani mpaka mavuno. Ukikichoma kihenge umechoma miaka miwili kwa kiberiti kimoja, huu tuliomo na ule ujao. Afisa aliyetoa amri alilijua hilo kama mama mwenye kihenge alivyolijua. Na aliyeshika kienge, mara nyingi, alikuwa Mwafrika aliyevaa sare, akipokea mshahara wa Mjerumani. Hili nalo tuliseme, maana tukilinyamazia tutakuwa tumebadilisha uongo mmoja kwa mwingine.

Watu wakaingia porini kuchimba mizizi. Bibi yangu, aliyezaliwa baada ya vita katika nchi ya kusini, alikuwa akitumenyea ming'oko iliyochemshwa jioni, akiivua ganda lake taratibu kwa ukucha wa kidole gumba, na hakuwahi kutupa hata kipande kilichovunjika. Leo ming'oko inauzwa stendi za Lindi na Mtwara kama kitafunio cha safari, na abiria wanaila huku wakicheka. Bibi hakuila akicheka. Tulimwuliza kwa nini anaokota vipande chini, akasema mama yake alimfundisha hivyo, na hakuongeza neno.

Wazungu waliokufa vitani walikuwa 15. Askari wao waliokufa walikuwa 73, na wasaidizi wao 316. Walihesabiwa mpaka wa mwisho. Upande wetu Wajerumani wenyewe walikadiria 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyeikusanya historia hii kwa kuwasikiliza wazee vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960, alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Tazama pengo hilo. Baina ya hesabu ya chini na ya juu kuna mji mzima wa watu ambao hakuna aliyejali kuwahesabu. Na wengi wao hawakuwahi kushika mkuki. Ni watoto, ni wazee, ni akina mama waliokuwa na vihenge. Mkoba wa dawa ya Kinjikitile unahusiana nini na kifo cha mtoto wa miaka minne mwaka 1907?

Nchi ile nayo ilibadilika sura. Palipokuwa na vijiji pakafungwa na pori, likaja na ndovu, nguruwe na mbung'o. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo baadaye iliingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Mtalii anapelekwa huko kuonyeshwa nchi ambayo haijaguswa na binadamu. Iliguswa. Walioigusa walikufa njaa.

Ebrahim Hussein alilihofia jambo hili kabla yetu. Tamthilia yake Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, na nusu ya walioisoma shuleni wanakumbuka maji tu, wamesahau mwisho wake. Mwishoni Kinjeketile yuko mikononi mwa askari, amepigwa, na anatakiwa jambo dogo tu: atamke kwamba maji ni uongo. Yeye mwenyewe ana mashaka na dawa hiyo, ameyaonyesha waziwazi. Lakini anakataa. Anajua akilitamka neno hilo, kesho Mjerumani atawaambia watoto kwamba baba zao walikosea kupigana. Anavumilia kipigo ili kesho yetu isinyang'anywe. Nasi tukaichukua tamthilia hiyo, tukaitungia maswali ya mtihani, na katika chumba cha pili tukawafundisha watoto walewale jambo ambalo Kinjeketile alikataa kulitamka. Mimi jambo hili linaniuma sana.

Wapo watakaoniambia haya ni ya kale, tuyaache. Waherero na Wanama wa Namibia hawakuacha. Waliuawa na dola hiyohiyo, kuanzia mwaka 1904, na jangwa la Omaheke likatumiwa kwao kama njaa ilivyotumiwa kwetu. Mwaka 2021 Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji yale mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1, na Waherero wengi wakasema hazitoshi na hawakushirikishwa. Wana haki ya kubishana, kwa sababu kesi yao ina jina. Kwetu sisi, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea mwezi Novemba 2023, akainama, akaomba msamaha mbele ya kizazi cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 na ambaye kichwa chake familia inakitafuta mpaka leo. Namheshimu kwa kufika. Lakini anayeomba msamaha lazima aambiwe ni wa kitu gani, na sisi tumejiandaa kumwambia nini? Kwamba watu wetu walikunywa maji? Anayeamini kwamba marehemu wake alijiua kwa ujinga hawezi kudai chochote kwa aliyemuua.

Kwa hiyo nadai, na nadai kwa wenye mamlaka ya mitaala kwanza, kabla ya Berlin. Andikeni njaa. Iwekeni sababu ya kwanza, na wekeni jina la aliyeiamuru. Kila tarehe 27 Februari, Songea inapowakumbuka viongozi wa Kingoni walionyongwa siku hiyo, wakumbukwe pia wasiokuwa na kamba wala kaburi la pamoja wala sanamu, waliolala chini ya miti wakiwa na tope la mizizi vinywani.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya, kwa maneno mepesi zaidi. Alisikiliza akiwa na kalamu mkononi. Kisha akaniuliza kama aandike, kwa sababu mtihani ulikuwa Jumatatu na majibu yanayotakiwa ni matatu tu.

Nikamwambia afute la kwanza.