Mpaka Atafutwe Mganga

Kwenye filamu za Kibongo, sisi wa Kibuta, wilayani Kisarawe, tuna kazi moja tu: uganga. Mama wa mjini akiporwa mume, au tajiri akianza kufilisika bila maelezo, gari linawashwa, linaacha lami, vumbi linatimka, na sisi tuliokaa kwenye benchi la kibanda cha filamu tunaanza kugongana mabega. Haya, wanakuja kwetu. Inaonekana nyumba ya makuti, shuka nyekundu na kaniki, mzee ameshika usinga na anacheka peke yake kama kaona kitu sisi hatukioni. Anaongea Kiswahili cha kukatakata, eti ndiyo lafudhi ya Kizaramo. Dakika tano, gari limegeuza, limerudi kwenye masofa. Mtazamaji wa Mwanza ambaye hajawahi kufika Kisarawe wala Kibaha vijijini anabaki na picha hiyo: huku ni tunguri tupu. Walima mihogo hawamo. Mwalimu wa sekondari hayumo, wala kijana wa bodaboda ya mkataba anayehangaika na hesabu ya bosi kila jioni.

Na wakitaja Masaki, ujue ni ile ya Dar, ya ufukweni, yenye mageti yanayojifungua. Wilaya yetu nayo ina kata inaitwa Masaki, watu wake wanalima mihogo kama sisi. Juzi binti kwenye filamu alimwambia shoga yake, kwa maringo, kwamba mchumba wake anakaa Masaki. Kibanda kizima kikapasuka. "Masaki ipi, dada?" Mwingine nyuma kule: "Mwambie atuletee mihogo!" Filamu ilikuwa ya kilio, lakini kilio chenyewe hakikusikika tena.

Kibanda umiza chetu ni mabati matupu na mabenchi ya mbao, skrini ukutani, feni moja inayomhudumia mwenye kibanda peke yake. Mia tano unaingia. Watoto wanaingia kwa chochote walichonacho, au kwa kuteka maji. Tunaangalia kila kitu, na ndiyo maana tuna haki ya kulalamika.

Wazee wanasema filamu zimeharibika tangu Kanumba aondoke. Steven Kanumba alifariki Aprili 7, 2012, akiwa na miaka 28, na kuna watu hapa wanaikumbuka siku hiyo kama msiba wa nyumbani. Alikuwa na makosa yake. Alipenda Kiingereza kuliko sisi tulivyopenda kukisikia, na kanda zake ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili tulipe mara mbili. Lakini alithubutu. Alikwenda na kamera akacheza na Wanigeria, Mercy Johnson kwenye Dar to Lagos, Ramsey Nouah kwenye Devil Kingdom, na sisi tukajiona tuko mezani na wakubwa. King Majuto naye alituacha Agosti 2018, na tangu hapo wachekeshaji wengi wanadhani kuvaa suruali hadi kifuani kunatosha. Majuto hakuhitaji suruali. Alikuwa anaangalia tu, kimya, na watu wanaanza kushika mbavu.

Kinachotuudhi zaidi kwenye filamu za sasa ni nyumba. Nyumba ni ileile! Ukuta wa maua, zulia, sahani ya matunda ambayo hakuna anayeila. Mtu anatoka kuoga na nywele zimetengenezwa, analala na vipodozi, anaamka navyo. Watu wanakaa wanaongea dakika kumi, mmoja anainuka, anatembea hadi mlangoni, tunaonyeshwa mlango, kisha gari, kisha geti, kisha barabara. Hapo filamu imekula robo saa na hakuna lililotokea. Ukija mwisho, unaambiwa itaendelea.

Tamthilia ndiyo usiseme. Kina mama wanazifuata kama dozi. Kuna mtu alikufa kwenye tamthilia Jumatatu, tukamlilia kabisa, mwezi uliofuata karudi. Mtoto mmoja akamuuliza bibi yake, "Bibi, huyu si tulimzika?" Bibi hakutoa macho kwenye skrini. "Nyamaza mwanangu, alizikwa pacha wake." Na hakukuwa na pacha. Bibi alijitungia mwenyewe kuwaokoa waandishi.

Sasa hapa tunagombana wenyewe kwa wenyewe, maana si wote wanaolalamikia tamthilia za nje. Azam walipoleta Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ya Suleimani na wanawake wa kasri lake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, vijiwe vilinyamaza jioni. Kuna waliosema ni aibu, Mturuki wa karne ya 16 anaongea kama mzaliwa wa Kariakoo. Lakini semeni ukweli: Suleimani alikuwa anazungumza Kiswahili safi kuliko wasanii wetu wengi, ambao hawamalizi sentensi bila kuchomeka "actually" na "you know". Mama muuza vitumbua, asiyejua hata neno moja la Kiingereza, anamwelewa mfalme wa Istanbul neno kwa neno, kisha anashindwa kumwelewa binti wa Sinza.

Hata watafsiri wa kanda siku hizi wanatuchosha. Tulikulia mikononi mwao. Kapteni Mukandala, yule Lufufu, alitangulia, wakafuata kina DJ Mack, na kwa ulimi wao Mchina alitukanwa Kimanzese na Rambo alidaiwa kodi ya chumba. Ilikuwa kazi ya sanaa. Sasa wapo wanaotafsiri kama wanakimbiza basi, na katikati ya kifo cha steringi wanaingiza tangazo la namba ya simu ya duka. Adui yuko wapi? Hatujui, tumesomewa namba.

Vijana wana kilio chao, na kiko jirani, kwenye chumba cha gemu. Wanacheza mpira wa FIFA, ambao tangu 2023 unaitwa FC, kwa padi zilizofungwa kwa plasta. Timu za Ulaya zote zipo, mpaka za daraja la nne Uingereza. Taifa Stars haimo. Simba haimo, Yanga haimo. Wanaoyajaza mabenchi yetu hadi watu kusimama dirishani, hao gemu haiwajui. Mwaka 2020 ndipo tulipumua kidogo: Mbwana Samatta alikwenda Aston Villa, akafunga bao kwenye fainali pale Wembley, na ghafla kila mtoto hapa akawa shabiki wa Villa. Walimpa Samatta mpira apige hata kona. Villa ikashindwa kila mechi kwenye chumba kile maana kipa naye alikuwa anamtafuta Samatta, lakini hakuna aliyebadilisha timu. Alipoondoka, Villa ikaachwa mchana kweupe.

Wengine bado wako San Andreas, gemu ya 2004, kwa sababu ndiyo ambayo kompyuta yenyewe inaiweza. GTA ya tano ilitoka 2013. Ya sita ikatangazwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na mtoto aliyezaliwa mwaka wa ile ya tano yuko sekondari sasa. Si kwamba ikitoka tutaicheza. Itataka mashine ya bei ya kiwanja. Lakini kusubiri nako tumezoea, tunasubiri tu.

Mzee mmoja hapa, mstaafu wa reli, anasema tumekosea kulaumu kamera, tumekosa wachoraji. Yeye alikulia Chakubanga wa gazeti la Uhuru, kisha jarida la Sani, na mpaka leo anaweza kukusimulia mikasa ya Ndumilakuwili na Lodi Lofa kama watu aliopanga nao nyumba moja Ilala. Kwenye Sani kulikuwa na walevi, wapangaji waliokimbia kodi, na Madenge, yule mtoto mtundu ambaye kila nyumba ya uswahilini ina wa kwake. Hakuna aliyekuwa na sahani ya matunda. Siku hizi Masoud Kipanya bado anachora, na anachora vikali, ila vinatufikia kwenye simu kama bando lipo, na panya wake ana kazi nyingi na wanasiasa.

Halafu kuna hili, ambalo vijana wenye simu nzuri walilileta kijiweni tukabaki midomo wazi. Mwaka 2023 Disney walitoa mkusanyiko wa katuni fupi 10 za Kiafrika wakauita Kizazi Moto. Jina la Kiswahili, kabisa. Watengenezaji walitoka Afrika Kusini, Zimbabwe, Nigeria, Misri, Kenya na Uganda. Mtanzania hata mmoja hakuwamo. Na zikaonyeshwa Disney+, huduma ambayo Tanzania haikuwa imefunguliwa. Jina letu lilipanda ndege, sisi tukaambiwa hatuna viza. Na siyo kwamba hatuna watu. Amil Shivji alitengeneza Vuta N'Kuvute kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto 2021, ikapelekwa Marekani kuiwakilisha nchi kwenye Oscar. Tunasikia ni nzuri mno. Toronto imeiona. Kibanda chetu bado.

Hadithi zimejaa hapa mpaka zinamwagika. Shamba moja limeuzwa kwa watu wawili wa Dar, wote wana karatasi, wote wamekuja siku moja na fundi wa uzio. Hiyo ni filamu. Mkaa unaotoka usiku pembeni ya msitu wa Kazimzumbwi, baiskeli bila taa, doria imejificha kwenye kichaka: hiyo ni ya mapigano, na hakuna haja ya kukodi nyumba ya mtu. Bibi anayewafufua wafu wa tamthilia mwenyewe ni mwandishi tayari, anahitaji peni tu.

Tulipofika hapo, kila mtu akaanza kuagiza yake. Mama wa vitumbua anataka filamu ya kesi ya mpaka, maana anayo moja barazani kwa mtendaji na angependa kujua mwisho wake. Vijana wanataka Taifa Stars kwenye FC, wako tayari hata iwe na nyota mbili. Mstaafu wa reli anataka Madenge. Mwenye kibanda alitusikiliza wote, akazima skrini, akasema yeye anataka kwanza wale watano wa mechi ya Jumamosi walipe mia tano zao.