Ganzi ya tibakemikali: usimfiche daktari wako

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mjadala wa saratani umetawaliwa na swali moja: nani atalipia dawa? Ni swali la haki. Lakini kuna gharama isiyoonekana kwenye risiti, nayo ni ganzi.

Wanawake wengi wanaopata tibakemikali kwa saratani ya mfuko wa uzazi hupewa pakilitakseli na kaboplatini, kwa kawaida kila baada ya wiki tatu. Pakilitakseli huumiza mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu. Ndiyo maana ganzi, kuchomachoma au kuwaka moto huanzia kwenye vidole. Mgonjwa hushindwa kufunga vifungo, au ndala humvuka asijue.

Wengi hunyamaza wakihofu kupunguziwa dozi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ukimya una hatari yake: kila dripu inaweza kuongeza madhara, na yakizidi huenda yasiishe kabisa. Daktari akijua mapema anaweza kupunguza kipimo, kuahirisha dripu au kubadili dawa, na matibabu yakaendelea.

Je, kuna kinga? Mwongozo wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, uliohuishwa mwaka 2020, haupendekezi dawa yoyote ya kuzuia hali hii. Kwa maumivu yaliyokwishaanza, unapendekeza duloksetini pekee. Tena unakataza asetili-L-kanitini, kirutubisho kinachouzwa kama kinga ya mishipa. Kwa hiyo, kabla ya kununua "dawa ya mishipa" mtandaoni, muulize daktari wako. Mwenye kisukari aseme mapema, maana mishipa yake huenda imeshaathirika.

Nyumbani, vaa viatu vilivyofunika vidole, kagua nyayo kila jioni, pima joto la maji kwa kiwiko na acha taa ikiwaka njia ya chooni usiku. Kijana unayemuuguza mama, msaidie kubeba sufuria ya moto.

Wanaopanga kitita cha bima nao wakumbuke kuwa fiziotherapia na dawa ya maumivu ni sehemu ya tiba, si anasa. Nawe mgonjwa, kabla ya dripu ijayo, mweleze daktari ganzi imefika wapi na kazi gani imekushinda.