Nani Aliyesema Ngoma Haina Mtunzi?

Mwanafunzi wa ngoma anapokaribia mwisho wa masomo yake huambiwa atunge. Hadi siku hiyo amekuwa akipokea: hii ni sindimba, hivi ndivyo kiuno kinavyokwenda, huu ni msewe, hivi ndivyo mguu unavyopigwa chini ili msewe uliofungwa miguuni uijibu ngoma. Sasa anatakiwa aache kuiga, alete kitu ambacho hakijapata kuonekana, naye atapewa alama kwa kadiri ya upya wake. Jambo hili lasikika kuwa ni la heri. Ndani yake, hata hivyo, mna dhana mbili potofu zilizofungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja.

Dhana ya kwanza ni kwamba ngoma za wazee hazikutungwa na mtu. Ziliota zenyewe ufukweni kama mikoko. Ya pili ni kwamba mwanafunzi huyu, kwa kuwa sasa anatunga, hana budi kuanzia patupu. Anayeikubali ya kwanza hawezi kuiepuka ya pili. Ikiwa nyuma yake hapana watunzi bali pana mila tu, basi kila alichojifunza ni malighafi, na utunzi ni kuikimbia.

Na atazamwe mwanafunzi huyo katika chumba cha mazoezi. Amesimama mbele ya kioo. Anahesabu moja hadi nane, kwa sababu ndivyo alivyozoeshwa chuoni, ingawa ngoma alizokulia nazo hupishanisha tatu na mbili, na mguu wake unalijua hilo kabla ya kichwa. Anainua mkono, anaona ni mkono wa lelemama. Anaushusha kwa haya, maana lelemama si yake. Anatikisa bega, bega hilo alilipata harusini, kwa shangazi zake. Nalo analitupa. Akisha kutupa kila kitu ambacho mwili wake unakijua, kinachobaki ni vile alivyoviona kwenye video: kujiviringisha sakafuni, kukimbia na kusimama ghafla, kuikodolea macho hewa kana kwamba hewa inamdai. Hivyo ndivyo anavyoviita vyake. Kumbe hivyo ndivyo vya watu kuliko vyote alivyovitupa, tena vya watu asiowajua.

Wapenzi wa mashairi hawahitaji kuelezwa upuuzi wa njia hii. Hakuna malenga aliyemwambia mwanagenzi wake asahau vina ndipo atunge. Anayeleta utenzi mpya leo haulizwi mbona mizani yake ni minane kama ile ya Mwana Kupona wa mwaka 1858. Anaulizwa amesema nini humo ndani, na kama kina kimekaa au kimelazimishwa. Mizani ni ya wote, ubeti ni wa mtu. Ajabu ni kwamba watu wale wale wanaolijua hili katika ushairi hulisahau mara ngoma inapolia, kana kwamba ulimi waweza kutunga lakini mguu hauwezi.

Nayo pwani ina ushahidi wa kutosha. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Fumo Liyongo akiwa gerezani anatunga gungu, anawafundisha watu walio nje, na wakati wanapocheza kwa kishindo yeye ndani anakata minyororo kwa tupa iliyofichwa katika mkate. Iwe kisa hicho ni historia au ni ngano, Kijumwa na wasomaji wake hawakuona ajabu kwamba gungu laweza kuwa na mtunzi, jina lake likajulikana, na ngoma yenyewe ikatungwa kwa shabaha maalumu. Kama ingekuwa ni mila tu iliyojiotea, Liyongo angefia gerezani.

Au na itazamwe beni. Katika miaka ya 1890, kwenye pwani ya Kenya, watu walichukua gwaride la askari wa Kizungu, tarumbeta zao na vyeo vyao vya kijeshi, wakavigeuza kuwa ngoma ya mashindano. Ngoma hiyo ikaenea hadi bara, ikapita katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Terence Ranger akaiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Waanzilishi wa beni hawakuanzia patupu. Walichukua mwendo wa mtu mwingine, tena mtawala, wakaupinda hadi ukawa wao. Huko Mombasa vyama vya lelemama vya wanawake, Banu Saada na Ibinaal Watan, vilishindana hadharani, na katika mashindano ya namna hiyo kurudia kile cha mwaka jana ni kushindwa. Waliotunga walijulikana mitaani mwao. Ni vitabu na vyuo vilivyowasahau, si majirani.

Jambo jingine husemwa kwa sauti ndogo tu. Hizo ngoma "za asili" anazofundishwa mwanafunzi nazo zimepita mikononi mwa watunzi wa karibu sana. Serikali ilipounda kikundi cha taifa cha ngoma katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipofunguliwa mwaka 1981, ngoma iliyokuwa ikichezwa usiku kucha ilikatwa ikawa ya dakika chache. Duara likafunguliwa likawa mstari, wachezaji wakageuzwa nyuso kuwaelekea watazamaji waliokaa upande mmoja. Mtu aliamua nani aingie kwanza, hatua ipi irudiwe mara nne na ipi iachwe. Huo ni utunzi mtupu. Mwanafunzi anafundishwa tungo za watu wa juzi huku akiambiwa ni za tangu jadi, kisha anaamriwa awe wa kwanza kutunga!

Sheria nayo imeuganda mkanganyiko huu. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania Bara, Namba 7 ya mwaka 1999, inazitaja tungo za ngoma miongoni mwa kazi zinazolindwa kwa jina la mtunzi. Ngoma za jadi zimewekwa sehemu nyingine kabisa, pamoja na ngano na vitendawili, mahali pasipo na mtu. Nia ilikuwa kuzilinda, na hilo si la kubezwa. Lakini matokeo yake ni kwamba binti wa miaka ishirini na miwili aweza kuandikwa mtunzi wa hatua aliyofundishwa na mwanamke wa kijijini, na mwanamke huyo akabaki kuwa "jadi".

Wapo watakaopinga kwamba ngoma ni ya jamii, na kuitia majina ni kuiuza. Hoja hii ina uzito wake katika unyago, ambao ni wa ndani, una siri zake, na si kila anachokijua mwari ni halali yake kukipandisha jukwaani. Lakini hata humo aliyeamua kipi kitoke nje alikuwa ni mtu mwenye jina. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa somo wa unyago na ndiye aliyeupigisha msondo mbele ya wageni wa mbali. Yeye mwenyewe alipima nini aoneshe na nini akifunike. Mwanafunzi anayenyakua kiuno cha unyago bila kumwuliza somo wake amekwiba, na anayekikataa kwa sababu ni "cha zamani" amejidanganya. Kati ya hao wawili, mwizi walau ana jicho la kuona kilicho kizuri.

Huko Dakar Germaine Acogny, aliyeiongoza shule ya Mudra Afrique kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, hakuwaambia wanafunzi wasahau. Alizipa miondoko majina, akaupanga uti wa mgongo wa Kiafrika kuwa somo lenye alifu na be yake, na juu ya hiyo alifu watu wakatunga. Hakuna kinachozuia lelemama, msewe na kibati kuandikiwa alifu ya namna hiyo, isipokuwa kwamba kazi hiyo ni ndefu, na kumwambia mtoto "kuwa mpya" ni amri ya sekunde moja.

Basi mtihani na ubadilishwe. Kabla hajacheza, mwanafunzi aulizwe: hatua hii umeipata kwa nani, katika ngoma ipi, yeye aliichezaje, nawe umeifanya nini? Asiyeweza kujibu la mwisho hajatunga, hata kama hakuna aliyepata kumwona akiiga. Anayeweza kuyajibu yote manne ametunga, hata kama bibi yake aliyekaa mstari wa mbele anaitambua kila hatua na kuipigia kigelegele. Na katika karatasi wanayogawiwa watazamaji mlangoni, pale ambapo siku hizi jina la fundi wa taa huandikwa kikamilifu na chini yake "ngoma ya asili" tu, liandikwe jina la aliyefundisha, na kijiji chake, na chama chake, akiwa hai au akiwa marehemu.