Mshono wa Kopo
Mwaka 1810 Peter Durand alipata hataza nchini Uingereza ya kuhifadhi chakula katika makopo ya bati. Makopo ya kale yalilehemiwa kwa risasi, madini yenye sumu. Karne ya 20 ilipoanza, ikaenea njia safi zaidi: ukingo wa kifuniko na wa kopo hukunjwa pamoja mara mbili, na mwanya huzibwa kwa mpira. Mshono huo ndio mlinzi wa chakula.

Basi, dada zetu, tusivutwe na bei nafuu ya kopo lililobonyea mshononi. Na lililovimba tusilionje kamwe. Huenda vijidudu vimekwisha kutia humo sumu ipoozayo mwili, nayo haina harufu wala ladha. Hasara ya shilingi chache ni nyepesi kuliko msiba.