Banda la Kuku na Dirisha la Jirani

Wengi katika wasomaji wetu hufuga kuku uani, na wengi hujenga banda kwanza, ndipo huhesabu kuku. Sisi nasi tulifanya hivyo, na twaona yafaa tuieleze hasara yake ili vijana wasiirudie.

Tulijenga wakati wa kusi, tukaliegemeza banda kwenye ukuta wa kusini ili tupunguze miti na misumari. Nyuma ya ukuta ule lipo dirisha la jirani yetu, bibi mtu mzima. Miezi ile harufu ilitujia wenyewe, nasi tukastahamili. Kaskazi ilipoingia, ikamwendea yeye. Hakusema neno, wala hakuacha kutujulia hali kila asubuhi. Mjukuu wake, asomaye chuoni kwetu, ndiye aliyetamka siku moja, bila ya kukusudia, kwamba bibi hulala dirisha limefungwa, na joto lamtaabisha. Tuliona haya kubwa, kwani wiki ile ile tulikuwa tukiwasomesha watoto haki za jirani.

Tulikwenda kumtaka radhi, kisha tukalibomoa. Katika kujenga la pili tulifuata mambo haya.

Kwanza, hesabu. Tuliazimia kufuga matetea 11 na jogoo 1. Kuku watatu au wanne huhitaji mita moja ya mraba. Basi banda la urefu wa mita 3 na upana wa mita 1 na nusu lawatosha, na vyombo vya maji na chakula hupata mahali. La kwanza lilikuwa nusu ya hilo, wakawa wakidonoana hata kutoana damu. Uzio wa nje nao umpe kila kuku walau mita moja ya mraba. Vifaranga wakizidi, wauzwe au wachinjwe, wala wasisongwe.

Pili, mahali. Pawe palipoinuka, maji ya mvua yasituame, tena mbali na kisima, jiko na madirisha ya watu wote. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, jua lisiingie upande mpana. Pande ndefu zizibwe mpaka kiunoni, na juu uwekwe wavu wa matundu madogo: kusi na kaskazi zipite, nguchiro asipite. Paa liwe kimo cha mtu, kwani banda la kuinamia halifagiwi.

Tatu, ndani. Fito mbili za kulalia, za mita 1 na nusu kila moja, ziwe sawa kwa kimo, wasigombanie ya juu. Viota vitatu vyatosha, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, navyo viwe chini kuliko fito. La sivyo watalala humo na kuyachafua mayai. Sakafuni zimwagwe pumba za mpunga, na zilizolowa ziondolewe upesi, kwa sababu harufu hutokana na unyevu.

Tena asiisahau mtu chanjo ya mdondo, tone la jicho kila miezi 3, kwani maradhi hayo huweza kulimaliza banda zima kwa siku chache.

Banda jipya li mbali na ukuta ule. Mayai ya kwanza tulimpelekea bibi, tukakuta dirisha lake li wazi. Basi kijana atakayeushika uzi kupima uwanja wake, na aupime kwanza kutoka dirisha la jirani.